Bwana Mizani Anakwenda Ukerewe

Bwana Mizani hakununua kitu, hata nyanya, bila kwanza kukipima kwa mkono wa kushoto. Alikiinua, akafumba jicho moja, akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, kisha akautaja uzito. Mkono wa kulia, alisema, umezoea kushika kalamu na kusalimia watu, kwa hiyo umeharibika. Wa kushoto haujui unafiki. Nilimjua karibu miaka ishirini, na katika muda wote huo mkono ule ulikosea mara moja tu, tena siku hiyo alikuwa na homa.

Kazi yake ilikuwa kukagua mizani na vipimo vya wafanyabiashara, na nyumba yake ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma. Jina lake la kweli liliandikwa kwenye karatasi za ofisi na kwenye kadi ya kanisa. Sisi wengine tulimwita Bwana Mizani, mkewe tukamwita Mama Mizani, na mbwa wao, maskini, mtaa mzima ulimwita Ratili. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikuuliza. Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa mtu wa maswali mengi, lakini si hayo. Nilichopenda kujua ni mtu anafanya nini akidhani hakuna anayemtazama. Bwana Mizani alifanya yaleyale.

Tulikutana stendi, miaka ile ya shida, sabuni inatafutwa kama dawa na sukari inatajwa kwa kunong'ona. Nilikuwa nauza karanga kwa kopo. Kopo langu lilikuwa limegongwa kitako kikaingia ndani, kazi safi ya nyundo, na kila muuza karanga pale stendi alikuwa na lake la namna hiyo. Bwana mmoja mwembamba, mwenye kaptura ndefu na soksi zilizovutwa mpaka magotini, akasimama mbele yangu, akalichukua kopo, akaligeuza.

"Hili limefanywa nini?"

"Lilianguka, mzee."

"Likaangukia nyundo?"

Wenzangu walikuwa wameshapotea. Mimi nilibaki kwa udadisi tu, nilitaka kuona atafanya nini. Aliusimamisha mwavuli wake ndani ya kopo, akaokota jiwe, akagonga mpini mpaka kitako kikarudi mahali pake. Akanirudishia.

"Sasa hili ni kopo. Mwanzo lilikuwa sahani."

Kisha akanunua karanga kwa kopo hilohilo, akazila palepale, taratibu, ili stendi nzima ione kwamba hana hasira na mtu. "Gramu ni gramu," akasema, kama wengine wanavyosema kwaheri, akaondoka na mwavuli uliopinda.

Tangu siku ile, kila niliporudi Musoma kutoka huko nilikokuwa nazurura, nilipita kwake. Palikuwa na kibanda nyuma ya jiko, na Mama Mizani hakuniuliza nimetoka wapi wala nitaondoka lini. Aliniuliza nimekula nini.

Msimu wa pamba alizunguka vijijini na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia, kila jiwe katika shimo lake, kutoka lile la kilo tano mpaka vile vidogo vilivyoshikwa kwa koleo. Aliyapangusa kila Jumamosi kwa kitambaa laini. Nilikuwa mbeba magunia Mugeta mwaka alipofika kwenye ghala la pamba la huko. Aliinamia mizani, akapitisha kidole chini ya sahani, akatoa sarafu iliyogandishwa kwa ugali.

"Hii ni nini, karani?"

"Ni sadaka yangu, mzee. Nilisahau kuipeleka."

Wakulima walishangilia. Wakamnyanyua juu juu na kaptura yake. Akawaomba wamshushe, akaenda kwenye magunia yao, akafungua moja, akamwaga pamba chini. Likabingirika jiwe kubwa kama kichwa cha ndama. Shangwe zikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Aliondoka Mugeta bila rafiki hata mmoja, na kwa nilivyomwona, aliondoka ameridhika kabisa.

Wafanyabiashara walikuwa na njia yao ya kupashana habari. Mizani ya duka ilifunikwa kanga. Wa kwanza akifunika, wa pili akiona anafunika, na kabla ile pikapu yake ya rangi ya maziwa mgando haijazima injini, soko zima limekwisha kujifunika. Nimeyaona hayo mnadani Butiama: safu nzima ya mizani imevaa kanga, utafikiri zinaolewa zote siku moja. Naye alipita akizifunua moja moja kwa adabu, kama mjomba wa bwana harusi.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliyeweza kugundua sarafu chini ya sahani hakuweza kugundua chumvi katika chai. Mama Mizani aliwahi kukosea mkebe, mzee akanywa vikombe viwili na kushukuru. Na yeye mwenyewe hakukubali kupimwa uzito, kamwe. Nilimsindikiza siku moja zahanati, ile siku ya homa. Muuguzi akamwonyesha mizani.

"Panda hapa, baba."

"Mizani hii ilikaguliwa lini?"

"Baba, si wewe ndiye mkaguzi?"

"Ndiyo maana najua haijakaguliwa."

Akaandikiwa dawa kwa kukadiriwa.

Lakini jambo kubwa lisilolingana lilikuwa ahadi. Siku ya ndoa yao, wakiwa bado kwenye ngazi za kanisa, alimwahidi mkewe kwamba kabla ya mwaka kwisha atampeleka Ukerewe kwa gari. Watavuka kwa kivuko cha Kisorya, wakizunguke kisiwa chote polepole, walale Nansio, wale sato wa kuchoma ufukweni huku wanatazama ziwa, wamekaa kama wageni wa serikali. Mama Mizani alikuwa amekulia upande wa bara, na kisiwa alikiona kwa mara ya kwanza katika kitabu cha shule, doa dogo katikati ya buluu. Mimi nilipoanza kufika pale Mwisenge, binti yao Rehema alikuwa tayari sekondari, na doa lilikuwa bado kitabuni.

Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa anakata mchicha, anasema tu, bila kunyanyua kichwa:

"Mimi nimepunjwa safari. Na aliyenipunja nalala naye."

Bwana Mizani akisikia hivyo aliingia chumbani kupangusa mawe yake, hata kama si Jumamosi. Ilikuwa kesi pekee iliyowahi kuletwa dhidi yake, na alijua hana utetezi.

Safari ya kwanza waliifanya katikati ya shida. Alihangaika miezi akitafuta kibali cha petroli. Alipokipata, wakaondoka Jumamosi na vikapu. Alikuwa akiendesha gari kama anayepeleka mayai. Kiabakari tairi likapasuka, Bunda wakalala kwa shemeji, na Jumapili asubuhi hakukubali kuondoka kabla ya ibada. Wakati ule magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wakapita Kibara, wakaendelea, na mwisho barabara ikashuka, na Mama Mizani akaliona ziwa, kivuko, na ng'ambo yake kisiwa chenyewe, kijani kibichi, mawe meupe juu yake. Hapo gari likazimwa. Mazungumzo yaliyofuata nimeyasikia kwa Mama mara nyingi mno, na mzee hakuyakanusha.

"Baba Rehema, mbona umezima?"

"Saa nane."

"Kivuko kile pale!"

"Nakiona."

"Hata hatua mia tatu hazifiki!"

"Saa nane ni saa nane."

"Hapa hakuna askari. Kuna mbuzi!"

"Mimi nipo," akasema Bwana Mizani.

Kwenda kwa miguu haikuwezekana, maana petroli ile ukiiacha peke yake hukuti hata harufu. Wakakaa ndani ya gari, madirisha wazi, wakila mkate na kutazama kivuko kikipakia watu, kuku na baiskeli, kikaondoka. Mbuzi walikuja kuwachungulia. Jumatatu kivuko kilikuwa kimelala upande wa pili kinangoja kipuri, na Jumanne mzee alitakiwa kazini. Wakageuza.

"Nilikiona lakini," Mama Mizani alikuwa akimalizia hivyo kila mara. "Kipo. Si uongo wa kitabu."

Baadaye ukaja wakati wa ruksa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na vumbi yakajaa vitu, watu wakajaa biashara, na kila aliyeuza alitundika mizani, mpya, nyekundu na za bluu, ambazo springi zake zilivutwa kabla hazijatoka kwenye boksi. Kwa Bwana Mizani ilikuwa kama mvua kwa mtu mwenye paa bovu. Hata hivyo aliomba likizo, akaipata, na safari hii wakavuka kweli.

Mimi wakati huo nilikuwa Nansio, napakia machungwa na makopa ya muhogo kwenye mitumbwi ya kwenda Mwanza. Habari zilinifikia kabla ya gari. Mpakiaji mmoja wa kivuko alikuja anahema:

"Mizani yuko njiani! Kavaa kofia ya majani, kamchukua na mkewe. Kajificha kama mtalii!"

"Labda ni mtalii kweli," nikasema.

"Wewe umemwona mtu anatalii kwa kilomita thelathini kwa saa, anachungulia kila duka?"

Hakuna aliyeniamini. Nilijua ndivyo anavyoendesha siku zote, hata akienda kanisani, lakini soko lilikuwa limeshaamua. Kanga zilitoka. Kisha kanga zikaonekana hazitoshi, wakafunga kabisa. Muuza nyama alifunga, muuza mchele alifunga, hata kinyozi akafunga, ambaye hana mizani. Aliniambia baadaye kwamba hakutaka kubaki peke yake.

Niliwakuta wamesimama mbele ya mkahawa. Sufuria lilikuwa linatoa mvuke nyuma ya mwenye mkahawa.

"Chakula kimekwisha, wazee wangu."

"Na hicho kinachochemka?" Mama Mizani akauliza.

"Ni maji ya kuoshea vyombo."

"Yananukia pilau."

"Vyombo vilikuwa vya pilau, mama."

Wakashuka ufukweni. Pale sato walikuwa wamepangwa juu ya majani, wabichi kabisa, mikia bado inapiga. Mvuvi akajiweka mbele yao kama kipa.

"Hawa hatuuzi, mzee. Ni wa msiba."

"Poleni," akasema Bwana Mizani, akavua kofia. "Nani amefariki?"

Mvuvi akafikiri. "Bado hatujaambiwa."

Machungwa peke yake ndiyo yaliyouzwa, kwa sababu machungwa Ukerewe huuzwa kwa fungu, matano matano, na fungu halina springi. Kwa hiyo wakala machungwa. Wakala machungwa mchana, wakala jioni, asubuhi wakanywa chai kavu ya nyumba ya wageni na machungwa. Mzee alijaribu kuwaeleza watu kwamba yuko likizo. Kila alipoeleza, duka jingine lilifungwa.

Siku ya pili waliamua kukizunguka kisiwa hivyohivyo, nami nikapanda nyuma ya pikapu. Barabara ilikuwa nzuri kwa macho: mihogo mpaka juu ya vilima, mawe yaliyopandana kama yamepangwa na mtu, ziwa linaonekana kushoto, ukipinda unaliona kulia. Tulikuwa tumefika mbele kidogo ya Murutunguru, kwenye daraja jembamba la magogo, gari lilipopiga shimo na kitu kikalia chini ya kiti. Nikamsikia Mama.

"Simamisha. Hiyo si jeki."

"Ni jeki."

"Jeki gani imelala kwenye sanduku la mbao?"

Gari likasimama.

"Baba Rehema, umekuja fungate na mawe?"

"Nyumbani yangeibiwa."

"Na Bunda, niliposhuka kununua mkate, ukapotea robo saa, ulikwenda wapi?"

Mzee akavua kofia yake ya majani, akaiweka mapajani. Kumbe alikuwa amepitia sokoni, "kidogo tu," akakagua mizani mbili za dagaa, na dereva wa lori la dagaa ndiye aliyevuka kabla yao na habari.

Mama Mizani alishuka, akasimama katikati ya barabara. Alikuwa amevaa kitenge kipya chenye ndege, alichoshonesha kwa ajili ya safari, na mikono yake ilikuwa ya njano kwa machungwa.

"Sikiliza, na huyu kijana awe shahidi. Nina njaa, na nimeaibika. Watu wananikimbia kama nina ndui. Mimi maji haya sivuki tena na wewe mpaka hilo sanduku libaki nyumbani. Geuza gari."

"Tumebakiza nusu," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Nusu ya nini? Unaniuzia nusu, unaniita nzima?"

Akageuza. Sijawahi kumwona mtu akiendesha polepole namna ile.

Miaka yake ya mwisho kazini ilikuwa migumu, na hapa sina kichekesho kikubwa. Sangara walikuwa wamepata soko la viwanda, na mawakala walifika fukwe zote na mizani yao ya kutundika. Ofisi haikuwa na mafuta ya gari. Bwana Mizani alikuwa akienda Bukima na baiskeli, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira, anasimama kando ya wakala mchana kutwa. Hakuwa na askari wala karatasi za kutosha za mashtaka. Alisimama tu, mkono wa kushoto ukiinua sangara mmoja mmoja, akitaja uzito kwa sauti ili wavuvi wasikie. Wakala mmoja alimpa bahasha. Akaiinua, akafumba jicho.

"Gramu arobaini na tano, pamoja na bahasha," akasema, akamrudishia.

Alipostaafu, ofisi ilimwachia lile sanduku, maana mawe yenyewe yalikuwa yameshapitwa na wakati na yalikuja mengine. Akaliweka chini ya kitanda. Jumamosi alipangusa kama kawaida. Mwaka mzima baadaye, akipita sokoni Musoma na kikapu chake, kuna wazee wa zamani waliokuwa bado wanafunika mizani, kwa heshima tu.

Mara ya mwisho niliporudi kwao nilikuwa na leseni ya udereva, na miaka kadhaa ya malori ya Sirari na Mwanza mgongoni. Nilimkuta jicho lake moja lina ukungu, hawezi tena kuendesha. Mama Mizani aliniwekea ugali na samaki wadogo wa furu, akasubiri nimalize.

"Kesho unatupeleka Ukerewe."

"Kesho?"

"Mimi ninazeeka. Na huyu akisubiri jicho lipone, atanipeleka kwenye jeneza."

Bwana Mizani akainuka. Akaingia chumbani, akalivuta sanduku, akalileta mezani mbele yetu, akalifunga kwa ufunguo. Ufunguo akaupeleka kwa jirani. Aliporudi alikuwa mwepesi, amepotea kidogo, kama mtu aliyetoka nje bila shati.

Asubuhi Mama alipita kwanza kwa jirani, kisha akatoka na kitenge kilekile cha ndege, kimepauka kidogo, na mkoba mweusi mkubwa uliovuta bega lake upande mmoja. Nikataka kumpokea.

"Acha. Ni vitu vya wanawake."

Pikapu ilikuwa ileile. Nilipotaka kukanyaga mafuta, mzee alikohoa, nikapunguza. Tulipokaribia soko la Bunda Mama alichukua kanga, akamfunika mumewe kichwa mpaka mabegani. Tukapita hivyo, mizani yote ya Bunda iko wazi, mkaguzi ndiye amefunikwa.

"Tumeshapita?" akauliza kutoka ndani.

"Bado."

"Nasikia springi."

"Kaa humo humo."

Kivukoni hakuna aliyekimbia. Kijana wa tiketi alimwita "babu", akamshika mkono kumpandisha. Nansio mizani ilining'inia kila mlango, nayo haikufunikwa. Tulikula wali na maharage mahali palepale tulipokataliwa zamani. Mwenye mkahawa alikuwa mwingine. Bwana Mizani alitazama barabara nzima, kisha sahani yake.

"Hawanijui."

"Si ndiyo ulitaka?" Mama akasema.

"Ndiyo." Akatafuna muda mrefu. "Ndiyo, nilitaka."

Kesho yake tukakizunguka kisiwa. Nilisimama kila Mama aliponigusa bega: penye mawe, penye watoto wa shule, penye mtu anayeshona mbao za mtumbwi. Tulipofika mbele ya Murutunguru, kwenye lile daraja la magogo, akasema hapa, akashuka. Akatembea hatua kama kumi mbele ya gari, mkoba unamyumbisha, akageuka kututazama.

"Sasa naanza nusu yangu," akasema.

Bwana Mizani akashuka naye, akatembea kando yake mpaka juu ya mwinuko, na mimi nikawafuata na gari kwa mwendo ambao ungemfurahisha. Pale juu ziwa lilikuwa pande zote. Sikusikia walisema nini, na mara hiyo moja sikuuliza.

Mchana tulifika ufuko mmoja wenye soko dogo la samaki. Ilibaki kitu kimoja tu katika ahadi: sato. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kofia ya ukingo wa kuzunguka, mizani yake ya bluu imetundikwa kwenye mti wa kukaushia nyavu.

"Karibuni bibi, babu! Kilo ngapi?"

"Mbili," Mama akasema.

Bwana Mizani palepale akageuka kutazama ziwa. Aliweka mikono nyuma, mkono wa kulia ukaushika wa kushoto kwa nguvu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa pua. Shingo ilikuwa imemsimama. Nilijua anasikia kila kitu: springi, sahani, mkia wa samaki unavyogusa bati.

"Kilo mbili kamili, bibi. Tena imezidi."

Mama Mizani akawapokea wale sato. Akawahamishia mkono wa kushoto. Akafumba jicho moja.

"Mjukuu wangu, hii si kilo mbili. Hii ni moja na kitu."

"Bibi, mizani hii haina shida. Watu wananunuaga hapa kila siku."

"Ndiyo hao ninaowahurumia."

"Sasa wewe unapimaga kwa mkono?"

Mama akawarudisha samaki juu ya majani. Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa laini, akakifungua. Lilikuwa jiwe la shaba, la kilo moja, linang'aa kama limepanguswa Jumamosi. Akaliweka kwenye sahani. Mshale ukapita kwenye moja, ukaenda kukaa karibu na moja na robo.

Wimbo ukakatika. Bwana Mizani aligeuka taratibu, akalitazama jiwe, akamtazama mkewe.

"Mama Rehema! Tulikubaliana sanduku libaki nyumbani!"

"Sanduku limebaki," akasema.

Nyuma ya yule kijana kanga zilianza kutoka. Moja, mbili, kisha ufuko mzima. Mwanamke mmoja mzee mwenye dagaa akapiga kelele, "Ni Mizani! Nilisema mimi, ni yule wa machungwa!" Na Bwana Mizani, ambaye tangu jana alikuwa babu wa watu, akanyooka mgongo, akavuta soksi zake zote mbili juu mpaka magotini.

Kijana kwa hofu akarusha sato mwingine mkubwa juu ya fungu. "Chukueni, bibi. Chukueni tu."

Mzee akainua fungu kwa mkono wa kushoto. "Sasa umezidisha. Kuzidisha nako ni kosa. Toa huyu, weka yule mdogo." Akapima tena, akasikiliza. "Hapo. Gramu ni gramu. Na springi hiyo uipeleke kwa fundi, si kesho."

"Sawa, mzee."

Mama Mizani akalirudisha jiwe mkobani, tukawapeleka samaki kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anachoma pembeni. Wakatafutiwa mkeka. Mama Mizani akakaa akilielekea ziwa, miguu ameinyoosha, kitenge cha ndege kimetandazwa vizuri. Ndipo mumewe alipouchukua ule mkoba ili ausogeze pasipo na moshi. Naamini ilikuwa mara yake ya kwanza kuushika. Akautia mkono wa kushoto, akasimama, akafumba jicho.

"Kilo moja," akasema, "na mengineyo."

"Mengineyo kiasi gani?" Mama akauliza bila kugeuka.

Akaupima tena. Akabadilisha jicho, akafumba lile lenye ukungu.

"Sijui," akasema. Akakaa chini kando yake, mkoba mapajani, akaushikilia mpaka sato walipoiva.